Mgomba Ambao Haukukatwa

Siku ile tulikuwa sita katika nyumba yetu ya mtaa wa Jamhuri, Nairobi. Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba, alikaa karibu na dirisha kwa sababu goti lake lilitaka kunyooshwa. Shangazi, dada yao, aliketi kwenye mkeka ingawa viti vilikuwepo. Mzee wa kanisa wa mtaa wetu alikuwa na Biblia yenye kifuniko cha zipu, na hakuifungua. Dada yangu, anayenifuata mimi, alisimama kwenye mlango wa jikoni akichunga chai. Mimi nilikaa kwenye stuli. Wa sita alifika baadaye kwa teksi: mwanamke kutoka Ukraine, mkazi wa Westlands, ambaye nilikuwa nimemtengenezea meza.

Aliyetukutanisha hakuwepo. Huyo ni mdogo wetu wa mwisho. Tulikuwa tumekaa kuamua kama amekufa.

Kwetu, upande wa magharibi, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa mgomba. Shina la mgomba hukatwa kwa kimo chake, likavikwa nguo zake, likalazwa kwenye jeneza na kuteremshwa kaburini kama mtu. Watu hulia kweli. Baada ya hapo mtu huyo amekufa, hata kama mahali fulani bado anapumua. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na mzee kijijini aliyerudi kutoka kazi za mbali akakuta mgomba wake umekwisha kuzikwa. Mke alikuwa ameolewa na mwingine, na shamba limegawanywa. Aliishi nyuma ya nyumba ya kaka yake mpaka alipokufa mara ya pili. Watu walimsalimu vizuri, lakini sikumbuki kuona mtu akimpa mkono.

Mgomba wa mdogo wangu ulikuwa ukatwe Jumamosi ile. Kilichobaki ni neno langu. Baba yetu hayupo, mama hayupo, na mimi ndiye mkubwa. Bila mimi kukubali, hakuna ambaye angeinua panga.

Wazazi walikufa wakifuatana, nami nikaacha shule nikiwa kidato cha pili. Sikuliona kuwa jambo kubwa wakati ule. Baba alikuwa na karakana ya samani kando ya Barabara ya Ngong, ng'ambo ya Woodley, mabati manne na meza ya kazi, na mtu alipaswa kuifungua asubuhi. Niliifungua. Dada alimaliza shule, akajifunza ushonaji. Mdogo wetu alikuwa na kichwa cha vitabu, kwa hiyo tulimsukuma yeye mbele, akafika chuo cha ufundi na kutoka na cheti cha umeme. Jumamosi na likizo alikuja karakanani, nami nikamfundisha kama baba alivyonifundisha.

Jambo la kwanza baba alilotufundisha lilikuwa kupitisha kiganja chini ya meza. Mteja huangalia juu, fundi huangalia chini. Juu kila mtu anapiga msasa. Chini ndiko magoti yanakoishi, ndiko soksi zinakonasa na watoto wanakochomwa na vibanzi, na ndiko unakojua aliyeitengeneza alikuwa mtu wa aina gani. Kwa hiyo sisi watatu, hata dada, hatukai kwenye meza ngeni bila mkono kwenda chini. Tunafanya hivyo hotelini, kanisani, hospitalini. Tumewahi kutazamwa vibaya benki.

Cheti cha umeme hakikumletea kazi. Alifunga nyaya za watu hapa na pale, Kawangware, Dagoretti. Mwaka ule vijana walipojaa katikati ya mji kupinga kodi, yeye alikuwa miongoni mwao. Alirudi jioni macho yamevimba kwa moshi, koo limekauka, na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu atoke chuoni. "Brathe, wametuona," aliniambia. "Leo wametuona." Nilimpa maziwa ya kuoshea macho. Kulikuwa na kabati la mteja la kumaliza, nikarudi kwenye kabati.

Baadaye furaha ile ilimtoka. Hakukuwa na siku moja ninayoweza kuionyesha kwamba ndipo ilipotoka. Akaanza kwenda kwenye ofisi moja mjini, ghorofani juu ya duka la simu, ambako mtu alikuwa akitafutia vijana kazi ng'ambo. Kazi ilikuwa Urusi, kulinda maghala, na hawakumwomba pesa yoyote ya kutangulia, na hilo ndilo lililomfanya awaamini.

"Urusi si kuna vita?" nilimwuliza.

"Vita iko mpakani. Mimi niko ghala. Kwani wewe ukiwa Jamhuri unaona vita ya kule mpakani Mandera?"

"Na lugha?"

"Ghala halina lugha, brathe. Unasimama tu."

Tulimsindikiza mimi na dada. Alivaa koti nililomnunulia sokoni Gikomba, zito, la kijani. Alipofika alituma picha akiwa kwenye theluji, anacheka. Kisha akatuma ujumbe mmoja wa sauti, wa haraka, akisema wametakiwa kutia sahihi kwenye karatasi ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma, na kwamba wanafundishwa bunduki, na kwamba tusimwambie shangazi. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Yule mwanamke alikuja karakanani katika majira hayohayo. Alitaka meza ya watu sita. Alikuwa ameishi Nairobi miaka kadhaa, akifundisha watoto piano Westlands, na Kiswahili chake alikipata sokoni na kwa walinzi wa lango, kwa hiyo kilikuwa na haraka na hakikuwa na aibu. Alichagua mbao za mahogani mwenyewe, akizigonga kwa kidole kama anayebisha hodi. Alikuja mara kwa mara kuangalia kazi inavyoendelea, jambo ambalo wateja wa Westlands hawafanyi; wao hutuma dereva.

"Kwa nini unapiga msasa chini?" aliniuliza siku moja. "Nani ataona?"

"Magoti."

Akacheka, akainama, akapitisha kiganja chake. Kibanzi kikamchoma, kwa sababu nilikuwa bado sijafika upande huo.

"Ona sasa," nikasema. "Hapo sijafika."

"Hapo umefika sasa," akasema akinyonya kidole.

Tulizoea kuzungumza. Alinieleza nchi yao ilivyokuwa chini ya nchi kubwa jirani kwa muda mrefu, ikatoka, ikaanza kujichagulia viongozi, wabaya kwa wazuri. Kila walipomchagua mtu ambaye jirani hakumpenda, kulitokea jambo: gesi ya kupasha nyumba joto ikafungwa katikati ya baridi, au kipande cha nchi kikachukuliwa na askari wasio na alama begani. Wakati mmoja wananchi walikaa uwanjani kwenye barafu, wakapigwa risasi, hawakuondoka mpaka rais akakimbia. Yeye alikuwa pale. Alikuwa msichana mwenye sufuria la supu.

"Hawasemi sisi ni maadui," alisema. "Wanasema sisi ni mdogo wao. Wao ni kaka mkubwa. Mdogo amepotea, mdogo ana marafiki wabaya, kaka anakuja kumrudisha nyumbani. Na vifaru."

Nilimwambia kwamba hilo nalielewa vizuri kuliko anavyodhani. Baba alipokufa, baba mdogo, ambaye shamba lake limepakana na letu kijijini, alianza kulima kupita mpaka. Mara ya kwanza mistari miwili. Alisema ni ili ardhi isilale, kwa kuwa sisi ni watoto. Msimu uliofuata aling'oa mkonge uliokuwa alama. Nilisafiri nikapanda mwingine palepale. Akaung'oa, nikapanda. Hatukugombana hata mara moja. Alinikaribisha chakula kila nilipokwenda, na alikuja Nairobi dada alipolazwa, akakesha naye. Lakini mkonge nimeupanda mara nyingi.

"Na sasa upo?"

"Upo. Umekuwa mkubwa, sasa unamchoma."

Alicheka sana kwa hilo. Kisha akaniuliza wadogo zangu wako wapi, nami nikajibu kama mtu anavyojibu akiwa na randa mkononi. Nikasema dada anashona hapa nyuma, na mdogo wetu alienda Urusi kulinda ghala, na hatumpati kwenye simu.

Akaacha kucheka. Aliangalia ile meza, halafu mikono yangu.

"Ghala," akasema.

"Ndivyo walivyomwambia."

"Fundi, hakuna ghala."

"Nimeanza kujua."

Alichukua mkoba wake, akavuka barabara bila kuaga. Nilidhani nimepoteza mteja. Niliendelea na meza kwa kuwa mbao zilikuwa zimekwisha kukatwa, na nilipiga msasa chini mpaka nikaona nimepitiliza.

Alirudi wiki iliyofuata. Hakukaa. Alisema nchini kwao kuna ofisi ambayo familia za waliopigana upande wa pili zinaweza kuuliza kama mtu wao amekamatwa. Wanauliza mama wa Urusi, wake wa Urusi, na siku hizi Waafrika pia. Nikitaka, atauliza. Alihitaji majina, picha na siku ya kuzaliwa. Nilimpa. Aliviingiza kwenye simu bila kuniangalia usoni.

"Kwa nini unafanya hivi?" nilimwuliza.

"Sijui bado," akasema. "Usiniulize leo."

Hapo ndipo habari ya kifo ilipokuja. Kijana mmoja wa Kawangware alirudishwa akiwa na mguu mmoja. Alikuwa amesafiri na mdogo wangu, nami nilikwenda kumwona. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema walipelekwa kwenye msitu ambao miti yake imekatika vichwa, wakaambiwa wakimbie mbele, na alimwona mdogo wangu akianguka karibu na lori lililoungua.

"Ulimwona amekufa?"

"Nilimwona akianguka. Huko mtu akianguka haamki, bro."

Dada alimpigia shangazi, shangazi akampigia baba mdogo, na baba mdogo akapanda basi la usiku. Ndivyo tulivyofika siku ile.

Baba mdogo alisema maneno ya busara. Sitaki kumfanya mtu mbaya, kwa sababu hakuwa mbaya. Alisema mtu asiyezikwa anasumbua walio hai. Alisema kijiji kinauliza, na wanawake wameanza kulia kabla ya kuitwa. Alisema mgomba amekwisha kuuchagua, ulionyooka.

"Uko shamba gani?" nilimwuliza.

"Uko pale kwa mpaka."

"Upande gani wa mkonge?"

"Kijana, hata leo?" Alinitazama kwa masikitiko ya kweli. "Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Mimi ndiye nilimbeba siku ya kubatizwa. Mgomba ni mgomba."

Mzee wa kanisa alikohoa, akasema kanisa halina neno kubwa juu ya mgomba, mradi sala itangulie. Shangazi alinigeukia. Huniita baba, kwa kuwa nimechukua jina la baba yake.

"Baba," akasema, "umembeba huyo mtoto peke yako. Kila mtu anajua. Sasa mteremshe. Usikae na yeye mgongoni."

"Aliyemwona alisema ameanguka. Hakusema amekufa."

"Baba, unachagua maneno."

"Mkikata mgomba, akirudi atakuwa nani?"

Wote walimjua yule mzee wa nyuma ya nyumba ya kaka yake. Baba mdogo alinyoosha goti. Dada alimimina chai, na ilikuwa imechemka mno, yenye rangi ya matofali. Nakumbuka nilifikiri kwamba sababu zangu zimekwisha. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na ukaidi tu, na ukaidi wa mtu mmoja hauzuii watu wa kijiji kizima kulia siku ya Jumamosi.

Ndipo lango lilipogongwa.

Dada alimfungulia. Yule mwanamke aliingia akiwa ameshika simu kifuani kwa mikono miwili, akaona watu, akasimama.

"Huyu ni nani tena?" baba mdogo aliuliza.

"Ni mteja," dada akasema.

"Mteja amefuata kiti chake matangani?"

"Mzee, shikamoo," yule mwanamke akasema, naye baba mdogo, bila kupenda, akajibu marahaba. "Fundi, samahani. Sikupiga simu. Waliniambia nionyeshe, nisitume. Kwa hiyo nimekuja."

Nilimpa stuli yangu, nikachuchumaa kando yake. Wengine walikuja nyuma yetu; shangazi aliinuka kutoka kwenye mkeka kwa kushika bega langu.

Ilikuwa video fupi. Mwanamume alikaa kwenye meza ndogo ya mbao, ukuta mtupu nyuma yake. Alikuwa amenyolewa kipara. Upande mmoja wa uso ulikuwa umevimba hata jicho likawa mstari. Shingo ilikuwa nyembamba kuliko shingo yoyote niliyoijua. Mtu asiyeonekana alimwuliza kwa Kiingereza jina lake na anakotoka. Akataja majina mawili kwa sauti iliyokwaruza, akasema Kenya, akasema anataka nyumbani.

Yalikuwa majina yake. Lakini ni majina ambayo ukiyaita sokoni kwetu, nusu ya wanaume watageuka.

Dada alisema, "Ni yeye." Akasema tena, kwa sauti ndogo zaidi, "Si ni yeye?"

"Huyu?" Baba mdogo aliinamisha kichwa karibu na kioo. "Huyu si wetu. Wetu hakuwa na kichwa kirefu hivi."

"Amenyolewa," dada akasema.

"Kunyoa hakurefushi kichwa. Majina haya yako na watu wangapi? Na waliopelekwa huko ni wangapi? Msiwape watu tumaini la uongo, siku mbili kabla ya matanga."

Shangazi aliomba arudishiwe video, akaitazama, akatikisa kichwa polepole. "Sauti siijui," akasema. Shangazi ndiye aliyemlea mdogo wangu mwaka ule mama alipokuwa hospitalini. Ikiwa yeye haijui sauti hiyo, nani anaijua?

Mimi nilikuwa nimetazama uso, kama wote. Uso haukunipa kitu. Mara ya tatu nikaacha uso, nikatazama mwili wote. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya meza. Wa kulia haukuonekana.

"Rudisha," nikasema.

Mwanamke akarudisha. Mkono wa kulia ulikuwa chini ya meza. Kiwiko kilionekana kikienda mbele taratibu, kikirudi nyuma, kikienda mbele tena kwa kufuata urefu wa ubao. Kikasimama. Kikarudi kidogo, kikasimama palepale. Na pale kiliposimama, yule mtu mwenye uso uliovimba alikunja pembe ya mdomo, kidogo sana, kama tunavyofanya tukikuta kazi ya ovyo.

"Ni yeye," nikasema.

"Umejuaje?"

"Angalia mkono. Anakagua meza."

Baba mdogo aliangalia. "Anakuna goti."

"Goti haliko mbali hivyo. Labda lako."

Dada alicheka, kicheko kilichoanza vizuri na kuishia kwenye kilio. Alikuwa ameona naye. Aliweka kiganja chake chini ya meza yetu ya chai, akakisogeza kama kile kiwiko kilivyosogea, mbele, nyuma, akakisimamisha. Mzee wa kanisa, ambaye baba aliwahi kumtengenezea mimbari, alimtazama dada, akatazama simu, akasema, "Marehemu baba yenu alikuwa akifanya hivyo kanisani." Shangazi alipiga kigelegele kimoja kifupi, kisha akajiziba mdomo kama aliyekosa adabu.

"Mgomba usikatwe," nikamwambia baba mdogo.

Alitazama simu mara moja tena. Halafu akasema, "Basi nitauacha uzae." Alitoa simu, akatoka nje kuwaambia watu wa kijijini, na kupitia dirishani tulimsikia akisema kwa sauti ya mwenye habari yake mwenyewe kwamba mtoto yu hai, amemwona kwa macho yake.

Mwanamke alikuwa bado kwenye stuli. "Na mimi niliona mkono," aliniambia. "Jana niliangalia mara nyingi. Uso sijui, lakini huo mkono niliujua. Wewe umenifundisha. Ndio maana nimekuja."

Baba mdogo aliporudi ndani alikuwa na nguvu mpya. "Sasa, madam," akasema, "waambie watu wenu wamwachilie. Ni mtoto wa watu."

"Na sisi ni watoto wa watu, mzee. Alikuja kwetu na bunduki."

Dada aliacha kufuta macho.

"Hakujua, mama," shangazi akasema.

"Najua hakujua." Alishika kikombe alichopewa, hakunywa. "Kaka yangu pia hakumjua. Wao wawili hawakujuana."

Ndipo alipotuambia kwamba kaka yake alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kwenda vitani, na kwamba amepotea karibu mwaka mzima sasa, upande uleule wa nchi. Ameuliza kila mahali. Kule upande wa pili hakuna aliyemjibu. Alimwuliza shangazi mgomba ni nini, kwa sababu alikuwa amenisikia nikisema usikatwe, naye shangazi akamweleza yote, kimo, nguo, jeneza.

"Mnauvisha nguo zake?"

"Zile alizopenda."

"Sisi koti lake bado linaning'inia mlangoni," akasema. "Mama yangu anapita pembeni yake kila siku. Halivai mtu, haliondoi mtu."

Shangazi alimshika mkono, akaushika muda mrefu. Wote wawili walikuwa wakiangalia sakafu.

Nilimsindikiza mpaka nje kungoja teksi. Nilianza kumshukuru, akanizuia.

"Sitaki asante. Asante ni rahisi. Akirudi, nataka aje kwangu. Akae kwenye ile meza. Aniambie alipelekwa wapi, aliona nani, alifanya nini. Kama alipiga risasi mtu, aniambie. Hasa hiyo. Asinifichie ili nijisikie vizuri."

"Atakuja," nikasema.

"Huwezi kuahidi mdomo wa mtu mwingine."

"Mimi ni kaka yake mkubwa. Nikimwambia aje, atakuja."

Alinigeukia. Hakuwa na hasira. "Fundi," akasema, "hivyo ndivyo wanavyosema wale."

Teksi ilikuwa inakata kona kule chini, kwenye ua wa miiba ya kei. Nilikuwa na muda mfupi wa kufikiri, na sikuwa nimezoea kufikiri hivyo. Tangu wazazi wafe, mimi ndiye niliyesema nani atasoma na nani atashona, na ilikuwa sawa, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kusema.

"Basi nitamwuliza," nikasema. "Akikataa, nitakuja mimi nikuambie kwamba amekataa."

"Hiyo naikubali."

Ni zaidi ya mwaka sasa. Mdogo wangu bado ni mfungwa. Nimeelezwa kwamba wafungwa hubadilishanwa, lakini anayebadilishwa ni yule ambaye upande wake umemwomba, na waliompa bunduki hawajamwomba. Nimekwenda kwenye ofisi zetu mjini, nimekaa kwenye mabenchi yao, nimejibiwa kwa heshima kwamba jambo linafuatiliwa. Sasa ninayajua mabenchi hayo kwa chini. Kaka yake yule mwanamke hajapatikana. Baba mdogo ameniambia mgomba umezaa mkungu mzuri, na kwamba ameula, kwa kuwa ulikuwa upande wake. Nitakwenda nikaangalie mkonge.

Mara moja waliruhusiwa kupiga simu. Nilikuwa karakanani, gundi mkononi. Sauti yake ilikuwa imerudi karibu yote. Aliulizia dada, akaulizia shangazi, akauliza kama bado tuna lile jiwe la kunolea la baba. Nilimwambia tulimjua kwa mkono.

"Ile meza, brathe," akasema. "Ilikuwa takataka."

Tukacheka. Kisha nikamwambia kwamba aliyemtafuta ni mama mmoja wa huku Westlands.

"Wa church?"

"Wa kule. Wa nchi hiyo uliyomo."

Nyuma yake nilisikia mlango wa chuma na mtu anayekohoa.

"Anataka nini?"

"Anataka ukirudi uende kwake, ukae, umwambie ulichoona na ulichofanya. Kaka yake amepotea upande huohuo. Simkubalii kwa niaba yako. Nakuuliza."

Nilisikia akivuta pumzi. Akasema, "Brathe, kuna vitu…" na hapo muda wao ukaisha, simu ikakatika.

Mwezi uliopita mguu mmoja wa ile meza ulianza kucheza, mwanamke akaniita. Niliigeuza meza, nikaukaza mguu, nikaisimamisha tena. Alinipa chai na mkate wenye mbegu nyeusi. Nilimwambia nimemwuliza, na kwamba jibu halikufika. Aliitika kwa kichwa. Hakuniuliza nadhani lingekuwa nini, na hata kama ningekuwa na la kumwambia, nisingelisema, kwa kuwa si langu. Kabla sijaondoka nilipitisha kiganja chini ya meza, kutoka kiti cha kwanza mpaka cha sita, kisha nikavaa koti. Deni lake, lile jibu la mdogo wangu, bado lote liko kwangu.